Dhana na Yakini katika Riwaya za Kijasusi

Katika vitabu vya Kiswahili ambavyo wakazi wa bara ya Mombasa, kuanzia Likoni na Mtongwe hadi Kisauni na Changamwe, wamevisoma hata majalada yakang'oka, ni vichache vilivyopendwa na kulaumiwa kwa pamoja kama riwaya za Elvis Musiba, ambazo shujaa wake, Willy Gamba, ni jasusi wa serikali ya Tanzania aingiaye miji ya watu kwa siri, akasema asiyoyaamini, akaua inapobidi, kisha akarejea kwao akapokewa kwa taadhima. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974. Kikosi cha Kisasi, ambacho hutuchukua hadi Kinshasa, kikafuata mwaka 1979, na baadaye zikaja Njama, Hofu na Uchu. Nakala ya Kikosi cha Kisasi niliyoazimwa Likoni ilikuwa imevishwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, imeshonwa mgongoni kwa uzi wa nyavu, na katika ukurasa wake wa mwanzo yameandikwa majina ya walioiazima, moja chini ya jingine, kila mmoja amekatwa kwa mstari aliporudisha. Pambizoni wasomaji hao walikuwa wamejibizana kwa wino wa rangi mbalimbali. Na mahali ambapo adui mmoja anauawa, mkono mmoja umeandika "safi sana", na chini yake mkono mwingine, kwa hati ndogo ya mtu aliyefunzwa kuandika vizuri, umeuliza kama huyo naye hakuwa na mama.

Swali hilo ni la dini kabla ya kuwa la fasihi, nami nimeona lafaa kupewa nafasi yake.

Wako wasomaji, na hao ndio wengi, wasemao kwamba hadithi ni hadithi, na kwamba mtu arudiye jioni kutoka kazi za bandarini, au angojaye kivuko katika umati wa Likoni huku jasho likimtiririka, ana haki ya kupata kitabu cha kumtoa alipo, wala hapana haja ya kukitia kitabu hicho katika mizani ya halali na haramu. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao, kwa kuwa moyo wa mwanadamu hauna mlango mmoja wa mambo yaliyotokea na mwingine wa mambo yaliyobuniwa. Furaha tuipatayo adui anapoanguka katika ukurasa ni ile ile tuwezayo kuipata anapoanguka njiani, na mtu hujizoeza kufurahi kwa kukariri, hata furaha ikawa tabia.

Mzee mmoja aliyelitumikia jeshi la wanamaji, ambalo liliundwa mwaka 1964 na ambalo kambi yake iko hapo Mtongwe, aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulitafakari jambo kwa miaka mingi kwamba nchi hailindwi kwa dua pekee. "Mwanangu," akasema, "wewe walala usiku kwa kuwa yuko mtu asiyelala, na huyo asiyelala hawezi kukwambia yote ayafanyayo." Kwake yeye Willy Gamba ni askari kama askari wengine, ila silaha yake ni hadaa. Mwalimu mmoja wa kike wa Changamwe, ambaye amezisoma riwaya hizi zote tangu akiwa msichana, alilalamika kwamba wanawake waliomo ni ama chambo ama tuzo. Na neno lake ni la haki, sina la kuliongezea. Ama Maalimu mmoja wa chuo cha upande wa Kisauni, nilipomfikishia maneno ya mzee wa Mtongwe, hakuyakataa. "Bwana," akasema, "uongo wa vitani fiqhi imekwisha kuusemea. Wewe niambie, huyo kijana akifunga kitabu akatoka nje, amefunzwa kumtazama nani?"

Kweli suala la uongo, ambalo aghalabu ndilo watu hulianza, si zito kama lionekanavyo. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha hodi na kuuliza alipojificha rafiki yako, haikujuzii kumdanganya. Na naamini mtu akiyasoma maneno hayo katika baraza yoyote ya pwani hii, watu watamtazama mara mbili. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihina, kitabu kisomwacho misikitini mwetu mwaka hata mwaka, asema kinyume: kumficha asiye na hatia mbele ya dhalimu, ikiwa hakuna njia isipokuwa kusema uongo, uongo huo huwa ni wajibu. Na vita, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri, ni mahali pa hila. Basi jasusi amdanganyaye adui wa kweli katika vita vya haki hana deni kubwa la kulipa kwa ulimi wake.

Wala haifai tumwonee Musiba kwa kusahau zama alizoandika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na vita vyake havikuwa vya kubuni. Tarehe 3 Februari 1969, katika jiji hilo hilo, Eduardo Mondlane wa FRELIMO alifungua kifurushi kilicholetwa kama kitabu, nacho kikamlipukia na kumwua. Msomaji wa mwaka 1974 aliyemwona Willy Gamba akiwaandama majasusi wa makaburu hakuwa akiota. Alikuwa akiona haki ikitendeka katika kitabu, ilhali katika ulimwengu ilikuwa imechelewa. Furaha yake naifahamu, na nikiwa kijana niliishiriki.

Lakini tazama yaliyowapata wapigania uhuru wenyewe. Amílcar Cabral aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973, na waliomwua walikuwa watu wa chama chake. Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa Lusaka tarehe 18 Machi 1975 kwa bomu lililotegwa katika gari lake. Serikali ya Zambia ikaunda tume, tume ikawatuhumu wenziwe Chitepo, viongozi na wapiganaji wengi wa chama hicho wakatiwa kizuizini, na baada ya miaka wakatokea watu waliotumikia utawala wa Rhodesia wakisema kwamba bomu lile lilikuwa ni lao. Hapo ndipo palipo kiini cha ujasusi kama ulivyo duniani: mtu amekufa, hajulikani aliyemwua, na kila mmoja anamtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Adui hana alama usoni. Katika riwaya anayo, kwa kuwa mwandishi amemtia. Na japokuwa hutuficha kwa kurasa mia moja, sisi twajua kwamba yupo, kwamba atapatikana, na kwamba atakayepigwa risasi mwishoni ndiye hasa aliyestahili.

Hilo ndilo niliwekalo mbele ya wasomaji wenzangu kuwa ni aibu kubwa ya riwaya hizi, kubwa kuliko uongo wake na damu yake: zatupa yakini mahali ambapo mwanadamu hana ila dhana. Twaruhusiwa kufurahia mauti ya mtu kwa sababu tumehakikishiwa batini yake, na uhakika wa batini za watu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Willy Gamba humdhania mtu, na dhana yake ikathibiti. Akikosea, kosa lake hurekebishwa kabla ya kitabu kwisha. Msomaji akizoea hayo, huenda akadhani kwamba dhana ikiwa na nguvu za kutosha imekwisha kuwa ushahidi.

Na Qurani imelipanga jambo hili kwa utaratibu ambao sikuuzingatia mpaka Maalimu wa Kisauni aliponionyesha. Katika aya ya 12 ya Suratul Hujurat waumini wanakatazwa kwanza kukithirisha dhana, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana, na msengenyaji anafananishwa na mtu alaye nyama ya nduguye aliyekufa. Dhana imetangulia kwa kuwa ndiyo mama: mtu hamchungulii jirani yake mpaka awe amekwisha kumdhania, wala hamtangazi mpaka awe amekwisha kumchungulia. Vitabu vya adabu husimulia kwamba Sayyidina Umar, akizunguka Madina usiku, alipanda ukuta wa nyumba akamfumania mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ameasi mara moja, bali Amiri wa Waumini ameasi mara tatu, kwa kupeleleza, kwa kuingia kwa ukutani badala ya mlangoni, na kwa kuingia pasi na idhini wala salamu. Umar akaondoka.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya jirani na jirani, na kwamba vitani hukumu ni nyingine. Ni kweli; na mfano wake ni Hudhaifa bin al-Yaman, aliyetumwa katika usiku wa baridi na upepo mkali wakati wa vita vya Handaki, aingie kambi ya makabila yaliyouzingira mji wa Madina na alete habari. Aliingia gizani, akaketi miongoni mwa maadui, na akamwona Abu Sufyani, kiongozi wao, akiota moto mgongoni, karibu kiasi cha kumpiga mshale bila ya kumkosa. Akautia mshale katika upinde. Kisha akakumbuka kwamba ameamrishwa alete habari, wala asiwachokoze watu wale. Akautoa, akarudi na habari yake. Sijaona riwaya ya kijasusi yenye ukurasa kama huo, ambamo ushujaa wote wa jasusi umo katika mshale ambao hakuutupa. Na huyo Abu Sufyani aliishi, na mwaka Makka ilipofunguliwa akasilimu.

Pwani yetu hii inayo historia ya kutosha ya namna yakini itafutwavyo kwa nguvu. Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, aliwakamata watu wawili aliowashuku, akaamuru wadondoshewe mafuta ya moto mwilini hadi wakiri. Wakakiri kwamba kulikuwa na njama ya kuziteka merikebu ili kulipiza kisasi cha aliyoyatenda Msumbiji. Walipokuwa karibu kuteswa tena, mmoja alijirusha baharini na mikono yake imefungwa, na wa pili akamfuata alfajiri. Kama njama ilikuwako ama haikuwako, mafuta ya moto hayawezi kutwambia, maana mtu aunguzwaye husema lile ambalo mwunguzaji amekwisha kuliamini.

Yakini ya namna nyingine ilitafutwa kisiwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, wakati Waingereza walioikimbia Singapore, kisha Colombo, walipoifanya shule ya Allidina Visram kuwa mahali pa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Walifanikiwa, waliufumbua msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani, na kwa hiyo wakajua ziko wapi na zaelekea wapi. Watu walioketi juu ya viti vya wanafunzi, wakiwa na penseli na karatasi, walikuwa wakiandika vifo vya mabaharia ambao hawatawaona kamwe. Hao walijua walichokijua kwa hesabu, si kwa dhana, na vita vyao sivilaumu; lakini nashangaa kwamba hapana riwaya ya Kiswahili iliyowahi kuuliza mtu wa namna hiyo alikuwa akilalaje, na nadhani sababu ni kwamba hana bastola.

Wakati wa Dharura, hapa Kenya, yakini ilivishwa gunia. Aprili 1954, katika msako mkubwa wa Nairobi, watu walipangwa foleni wapite mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akatikisa kichwa au asitikise. Na kwa kutikisa huko watu walipakiwa katika magari ya moshi wakaletwa Manyani na Mackinnon Road, njia hii yetu ya reli ishukayo Mombasa. Hakuna aliyejua kama aliye ndani ya gunia anamtambua mtu au anamlipa kisasi cha shamba. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat, riwaya iliyotoka mwaka 1967, alilichukua jambo hili akalifanya mtihani wa msomaji: kijiji kizima kinamshuku Karanja kuwa ndiye aliyemsaliti mpigania uhuru Kihika, nasi pamoja nacho twamshuku, maana Karanja alikuwa mtumishi wa wakoloni na hana la kupendeza, ilhali msaliti ni Mugo, yule yule anayeombwa asimame mbele ya watu siku ya uhuru kama shujaa. Ngũgĩ hakutunyima furaha ya fumbo. Alichotufanyia ni kutukamata tukiwa tumekwisha kuhukumu. John le Carré, ambaye aliwahi kuitumikia idara ya ujasusi ya Uingereza, alifanya mfano wa hayo mwaka 1963 katika The Spy Who Came in from the Cold, ambamo jasusi adhaniye kwamba anamwangamiza adui kumbe ametumwa na wakubwa wake kumwokoa adui huyo. Na kwetu sisi, Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa mwaka 1960, alituletea Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi ambaye kazi yake ni kuuliza na kufikiri. Na labda kwa sababu hiyo wazee wa Mombasa walimsoma bila ya kuona haya mbele ya watoto wao.

Nimetaja mambo ya mbali ili niyafikie ya karibu, ambayo si mepesi kuyasema. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari na raia wakauawa, nyumba na vibanda vikatiwa moto. Na katika siku zilizofuata watu waliotoka mikoa ya ndani, walioitwa wabara, waliandamwa kwa sababu ya lafudhi zao na majina yao, hata maelfu wakakimbilia makanisani. Mtu aliyekuwa jana jirani, muuza mboga au fundi viatu, alikuwa leo mjumbe wa maadui. Kisha ukaja msako wa serikali, na dhana ikageuza uso: sasa kijana wa pwani ndiye aliyetazamwa, kanzu yake na kofia yake vikawa hoja dhidi yake. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikiliza mashahidi wa mambo hayo, na mengi yaliyosemwa mbele yake yalionyesha jinsi walioumia walivyokuwa mbali na waliopanga.

Na katika miaka ya karibuni, tangu vita vya ugaidi vilipoingia mitaani kwetu, baada ya mauaji ya kweli yaliyowapata watu wasio na hatia, wakiwamo waumini waliopigwa risasi wakiwa kanisani Likoni mwezi Machi 2014, yamekuwako mambo mengine ambayo shirika la Haki Africa liliyakusanya katika ripoti yake ya mwaka 2016: watu wa pwani waliouawa pasi na kufikishwa kortini, na wengine waliochukuliwa wasionekane tena. Miongoni mwao wapo ambao huenda walikuwa na hatia. Siandiki ili kuwatetea wauaji, na mtu amwuaye mwenziwe akisali, awe msikitini ama kanisani, amejitenga na kila dini niijuayo. Ninachosema ni kwamba nimewasikia watu wema, wasomaji wazuri, wakisema juu ya kijana aliyeokotwa amekufa kwamba "lazima alikuwa na jambo lake", na nikaisikia katika maneno hayo ile sauti ya pambizoni iliyoandika "safi sana". Hawakumjua kijana yule. Waliijua hadithi, na katika hadithi aliyepigwa risasi huwa ndiye.

Basi nilirejea kwa Maalimu nikamwuliza kama ni sawa kuwanyima vijana vitabu hivi, naye akakataa. Akasema kijana anyimwaye kitabu atakisoma kichochoroni, na kwamba yeye angependelea kijana akisome kisha aje aulizwe. Akanikumbusha kisa cha Hatibu bin Abi Baltaa, ambacho kila mwanachuo hukisikia na wachache hukizingatia. Mwaka wa nane wa Hijra, jeshi la Madina lilipokuwa likijiandaa kwa siri kwenda Makka, Hatibu aliwaandikia watu wa Makka barua ya kuwaonya, akampa mwanamke aichukue. Mtume (s.a.w.) akafunuliwa habari hiyo, akawatuma Ali, Zuberi na Mikidadi, wakamkuta yule mwanamke njiani, naye akaitoa barua katika misokoto ya nywele zake. Hapa hapakuwa na dhana hata chembe. Barua iko mkononi, mwandikaji anajulikana, na hiana yenyewe ni ya kuhatarisha maisha ya watu maelfu. Umar aliomba ruhusa amkate shingo. Lakini jambo la kwanza alilofanyiwa Hatibu ni kuulizwa ni lipi lililomsukuma kulitenda alilolitenda; naye akaeleza kwamba hakuritadi, bali ana jamaa zake Makka wasio na ukoo wa kuwahami, akataka apate mkono wa hisani kwa watu wa huko ili wasidhurike. Akasadikiwa, akasamehewa, na akahesabiwa kuwapo kwake Badri.

Katika riwaya za kijasusi adui naye husema, na pengine husema sana, lakini aghalabu husema ili ajisifu, au ili atufumbulie njama kabla ya kuuawa. Ni nadra kuulizwa kilichomsukuma na mtu aliye tayari kulikubali jibu. Hayo nilimweleza mzee wa Mtongwe, ambaye bado namheshimu na ambaye amebeba katika utumishi wake mambo nisiyoyajua. Akasema kisa ni kizuri, lakini mtu aliye vitani hana wakati wa kuuliza maswali. Nami nikamjibu kwamba Hatibu alikamatwa jeshi likiwa karibu kutoka, siri ya safari nzima ikining'inia kwa barua moja, na wakati wa kumwuliza ulipatikana.